Baridi Haitiwi, Joto Hutolewa

Nimeombwa niandike katika gazeti letu la muhula huu somo la fizikia lenye manufaa ya nyumbani. Nimechagua kueleza habari za kiyoyozi cha gari kuukuu, yaani chombo kinachopoza hewa ndani ya gari, na namna ya kukitengeneza kinapokuwa dhaifu. Nimelichagua jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe, ninayefundisha mambo ya joto miaka mingi, nalilipa fedha mara tatu bure kwa kuyasahau yale ninayowafundisha watoto wa watu. Aliyenizindua alikuwa mwanafunzi.

GARI LA BABA

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 230E la mwaka 1984, katika jamii ile ambayo mafundi huiita W123, iliyotolewa rasmi Ujerumani Magharibi mwaka 1976. Marehemu baba alituachia gari hilo. Sisi hukaa Mbweni, karibu na bahari, na kila baada ya wiki mbili mimi humchukua mama kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Mama ni mtu mzima, ana maradhi ya shinikizo la damu, na daktari amemkanya asikae katika joto kali.

Safari yetu si ndefu. Twapita Kiembe Samaki, Mazizini, Migombani na Kilimani, kisha tumefika. Lakini wakati wa kaskazi, jua likiwa utosini na magari yamesongamana, mwendo mfupi huwa mrefu. Siku moja ya mwezi wa Februari tulipofika hospitali mama alishuka akaushika mlango wa gari, miguu ikawa haina nguvu. Nalimkalisha kivulini, akapewa maji, na baada ya muda akapata nafuu. Usiku ule ndugu yangu aliyeko Maskati akanipigia simu. Akasema, "Kaka, gari hilo limeshazeeka. Liuze, nami nitaongeza kidogo tununue jengine." Mama, aliyekuwa akisikiliza, akajibu kwa sauti ili naye amsikie, "Gari la baba yenu haliuzwi kwa sababu ya upepo."

Basi nikawa sina budi kuutafuta huo upepo. Zamani kidogo nalikuwa nimekwenda kwa fundi mmoja. Alifungua boneti, akatazama, akasema, "Gesi imekwisha, Maalim." Akatia gesi, nikalipa shilingi 80,000. Baridi ilikuja, kisha ikafifia. Nikarudi mara ya pili, maneno yakawa yale yale na bei ile ile. Baada ya mambo ya Februari nikarudi mara ya tatu. Hata mara hiyo, gari likiwa limesimama barabarani, hewa iliyotoka ilikuwa kama pumzi ya mtu.

SWALI LA MWANAFUNZI

Wiki ile ile nalikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari za joto fiche, yaani joto ambalo kitu hulichukua kinapogeuka kutoka majimaji kuwa mvuke bila ya kupanda kipimo chake cha joto. Nikatoa mfano wa kiyoyozi cha gari langu, na kwa kutaka kuwachekesha nikawaambia kwamba gari hilo "hunywa" gesi kila baada ya miezi michache. Wanafunzi wakacheka. Msichana mmoja hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza, "Maalim, umetuambia kwamba mabomba ya kiyoyozi yamefungwa pande zote, na gesi huzunguka humo humo. Sasa hiyo gesi inayokwisha huenda wapi?"

Darasa likanyamaza, nami nikanyamaza. Petroli huchomwa, kwa hiyo hupungua. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Ikiwa imepungua, imevuja. Na ikiwa haikupungua, basi udhaifu wa baridi una sababu nyengine ambayo mimi sikuitafuta. Nalimwambia, "Swali lako ni zuri kuliko jawabu nililokuwa nalo. Jumamosi tutalitafuta jawabu pamoja."

MTUNGI WA BIBI

Kabla ya kueleza tulichokiona, yafaa tuelewe kiyoyozi hufanya nini. Nyote mwaujua mtungi wa udongo. Maji hupenya katika udongo kidogo kidogo, nje ya mtungi pakawa na unyevu, na upepo ukapita ukayageuza maji yale kuwa mvuke. Ili maji yageuke mvuke hapana budi yapate joto, nayo hulichukua katika mtungi wenyewe na maji yaliyobaki ndani. Hapana mtu aliyetia baridi katika mtungi, joto limetolewa. Na joto hilo si dogo. Kilo moja ya maji yanayochemka huhitaji kilojuli zipatazo 2,260 ili yote yageuke mvuke, nayo ni zaidi ya mara tano ya joto linalohitajika kuyapandisha maji hayo kutoka digrii 0 hata digrii 100.

Kiyoyozi ni mtungi ambao mvuke wake hauachwi kwenda zake, bali hukamatwa ukageuzwa majimaji tena. Badala ya maji hutumika gesi inayochemka katika baridi kubwa. Gesi iitwayo R134a, katika shinikizo la kawaida la hewa, huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Nayo hupita mahali pane:

1. Kompresa. Hii huzungushwa na mkanda wa injini. Huuvuta mvuke na kuubana, na mvuke ukibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto unapotia pumzi tairi.

2. Kondensa. Hii iko mbele kabisa ya gari, mbele ya rejeta. Mvuke wa moto hupita katika vijibomba vyake, upepo wa nje ukalichukua lile joto, na mvuke ukageuka majimaji. Katika shinikizo lipatalo mara 17 ya lile la hewa, R134a hugeuka majimaji hata kwenye digrii 60.

3. Vali ya kutanulia. Hiki ni kitundu chembamba sana. Majimaji yakitokea upande wa pili, shinikizo huanguka ghafula.

4. Evaporeta. Hii imefichwa nyuma ya dashibodi. Shinikizo likiwa limeanguka hata kufika kiasi cha mara tatu ya lile la hewa, majimaji huchemka karibu na digrii 0. Feni hupuliza hewa ya garini juu yake, joto la hewa hiyo likachukuliwa, nasi tukapata ubaridi. Kisha mvuke hurudi katika kompresa.

Mwaona basi kwamba gesi ni mfano wa hamali wa bandarini. Huubeba mzigo wa joto ndani ya gari, akautua nje, akarudi kuchukua mwengine. Hamali huyo haliwi na mzigo wake. Ikiwa idadi ya mahamali imepungua, wametoroka, na palipo na mtoro pana tundu. Lakini hata mahamali wakiwa kamili, kazi itaharibika ikiwa njia ya kutokea imezibwa, au ikiwa mtu mwengine analeta mizigo mipya ndani kwa mlango wa nyuma. Yashikeni mambo hayo matatu: tundu, njia iliyozibwa, na mlango wa nyuma.

GESI YA ZAMANI NA GESI YA SASA

Kiyoyozi cha kwanza kutiwa kiwandani katika gari kilikuwa katika magari ya Packard ya Marekani, yaliyoonyeshwa mwaka 1939. Chombo hicho kilichukua nafasi kubwa ya buti, na kompresa yake haikuwa na klachi, hata mtu akitaka kukizima hana budi azime injini autoe mkanda kwa mkono. Gesi iliyotumika katika magari kwa miaka mingi baadaye ilikuwa R12, ambayo watu waliizoea kwa jina la Freon.

Mwaka 1974 wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za namna hiyo, zikifika juu sana angani, huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalifanya mapatano huko Montreal, na nchi zinazoendelea, pamoja na yetu, zikapewa mpaka mwaka 2010 kuacha kutumia gesi hizo. Magari yakahamia R134a tangu miaka ya 1990. R134a haidhuru ozoni, lakini ikivuja huzidisha joto la dunia. Kilo moja yake, ikipimwa kwa miaka 100, ina nguvu ya zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya hewa ya kaboni. Ndiyo maana mwaka 2016, huko Kigali, mataifa yalipatana kuzipunguza na gesi za jamii hii.

Habari hizi zaligusa gari letu moja kwa moja. Liliundwa kwa ajili ya R12. Katika uhai wa baba liligeuzwa kuwa la R134a, mafuta ya kompresa yakabadilishwa kama inavyotakiwa, kwa kuwa mafuta ya zamani hayachanganyiki na gesi mpya. Lakini kondensa ilibaki ile ile ya zamani. Sasa, katika joto kali, R134a huwa na shinikizo kubwa kuliko R12, na huitaka kondensa ifanye kazi zaidi. Gari lililogeuzwa, kondensa yake ikichafuka kidogo tu, abiria huona.

JUMAMOSI YA UCHUNGUZI

Kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu nalilileta gari skuli. Wanafunzi walikuwa wanane. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa kwamba hapana mwanafunzi atakayetia mkono chini ya boneti injini ikiwa inazunguka, kwa sababu feni na mkanda havina huruma. Wao walipima na kuandika, mimi nikagusa.

Tulichukua kipimajoto cha maabara tukakiweka katika tundu la hewa la katikati ya dashibodi. Hewa ya nje kivulini ilikuwa digrii 33. Gari likiwa limesimama, injini ikizunguka na kiyoyozi kimefunguliwa mwisho, hewa iliyotoka ilikuwa digrii 21. Kisha nikaliendesha katika barabara iliyo wazi, mwanafunzi mmoja akisoma kipimo, nikarudi. Mwendoni kipimo kilishuka hata digrii 14.

Nikawauliza, "Gesi ni ile ile, kompresa ni ile ile. Kimebadilika nini?" Mmoja akajibu, "Upepo wa mbele, Maalim." Ndivyo. Gari linapokwenda, upepo huingia wenyewe katika kondensa. Linaposimama, hutegemea feni. Kwa hiyo tulijua kwamba mizigo ya joto ilikuwa haitoki nje vizuri; njia ilikuwa imezibwa.

Tulizima injini tukaiacha ipoe, kisha tukatazama mbele kwa tochi. Kati ya mapezi membamba ya kondensa palikuwa na vumbi, majani makavu na wadudu waliokufa, na baadhi ya mapezi yalikuwa yamelala kama nyasi iliyokanyagwa. Hapa kwetu pwani kuna adui mwengine, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi, na mapezi ya alumini yakageuka unga mweupe. Tuliyasafisha kwa burashi laini na maji yasiyokuwa na nguvu, tukipiga kutoka ndani kuelekea nje, tukayanyoosha yaliyolala. Mpira wa maji wenye nguvu nyingi haufai, kwa kuwa huyalaza mapezi zaidi.

Kisha feni. Gari hili lina feni mbili: moja huzungushwa na injini nyuma ya rejeta, na ya pili, ya umeme, iko mbele ya kondensa, nayo yatakiwa iwake yenyewe kondensa inapozidiwa na joto. Hiyo ya pili haikuwaka kabisa. Nalidhani imeungua, nikaanza kuhesabu fedha moyoni. Lakini fyuzi za magari haya ya zamani ni vijiti vidogo vyenye ncha kama risasi, vilivyoshikwa na meno mawili ya shaba. Fyuzi ya feni ilikuwa nzima. Ncha zake tu ndizo zilizoshika kutu. Tuliondoa betri, nikasugua meno kwa msasa laini, nikatia fyuzi mpya ya bei ya shilingi elfu mbili. Tulipowasha tena, baada ya muda feni iliunguruma, na wanafunzi wakapiga makofi. Kipimo, gari likiwa limesimama, kilisoma digrii 16.

MLANGO WA NYUMA

Tulikuwa tumeifungua njia ya kutokea. Ikabaki kujua kama kuna joto linaloingia mahali lisipotakiwa. Msichana yule mwenye swali akaniuliza kama gari za Ulaya zina kitu cha kutia joto. Naam, zina hita, ambayo hutumia maji ya moto ya injini. Sisi Unguja hatuikumbuki kabisa, na kwa kuwa hatuikumbuki hatuiangalii. Maji ya injini hufika digrii 80 na zaidi, na vali ya hita ndiyo inayoyazuia yasiingie nyuma ya dashibodi.

Nalizima injini, nikaugusa kwa uangalifu mpira uliopita vali ile. Vali ilikuwa imefungwa, na kwa hiyo mpira ulipaswa kuwa baridi. Ulikuwa wa moto. Vali ilikuwa imekwisha, maji ya moto yalikuwa yakipita mchana na usiku, na hewa iliyopozwa na evaporeta ilikuwa ikipashwa moto tena kabla ya kutufikia. Tulikuwa tukipika na kupoza katika sufuria moja! Wiki iliyofuata nalipata vali iliyotumika kwa shilingi 60,000. Kipimo kikashuka hata digrii 13.

Mlango wa pili ulikuwa kilango cha hewa ya nje, ambacho kilikuwa kimekwama wazi. Hapa pana fundisho kubwa kwa watu wa pwani. Hewa yetu ina mvuke mwingi wa maji. Tazameni gilasi ya maji ya baridi jinsi inavyotoka jasho. Jasho hilo ni mvuke wa hewani uliogeuka maji. Ndani ya evaporeta hutokea jambo lilo hilo, na kila gramu ya mvuke inapogeuka maji huliachia joto lile lile ililolichukua ilipopaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kiyoyozi huliwa na kazi ya kukausha hewa. Ukiivuta hewa mpya ya nje wakati wote, kazi hiyo haina mwisho. Ukiizungusha hewa ya ndani iliyokwisha kukaushwa, kazi hupungua. Tulikisafisha kilango, nikakitia mafuta kidogo, kikawa kinafunga. Mipira ya milango miwili iliyopasuka nikaibadilisha. Kipimo kikawa digrii 11.

Maji yanayodondoka chini ya gari wakati kiyoyozi kinafanya kazi ni dalili njema. Yasipodondoka, tazama kijibomba cha kutolea maji. Huenda kimezibwa na majani, na zulia litaoza.

TUNDU

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi: gesi ilikwenda wapi? Hapa sikujaribu mwenyewe. Gesi hii ikitoka ghafula huweza kuigandisha ngozi na kulipofua jicho, na haifai kuachiwa hewani. Nalikwenda kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi, anayekaa upande wa Matrekta, mtaa wetu uliopata jina lake kwa karakana ya matrekta. Nalimwamkia, akaniuliza, "Umetia gesi mara ngapi?" Nikamwambia mara tatu. Akatikisa kichwa akasema, "Na tundu je?"

Alipaka povu la sabuni katika kila kiungo. Penye kiungo kimoja karibu na kompresa povu lilipanda polepole, likapasuka, likapanda tena. Pete ya mpira iliyomo ndani ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kwato. Mzee aliikusanya gesi katika mtungi wake, akabadilisha pete, na kile kichujio cha kukaushia unyevu akakibadilisha pia, kwa sababu kimekwisha kushiba.

Kisha akaunga pampu ya kunyonya hewa, akaiacha ifanye kazi dakika 45. Nalimwuliza sababu ingawa naijua, ili nimsikie. Akasema kwamba hewa ikibaki ndani haigeuki majimaji, hukaa katika kondensa ikichukua nafasi na kupandisha shinikizo. Na maji yakibaki huganda katika kile kitundu chembamba. Katika utupu maji huchemka hata bila ya moto, yakatoka kama mvuke. Fundi wangu wa kwanza hakufanya hivyo hata mara moja; alitia gesi juu ya hewa. Mzee alipofunga pampu tulingoja nusu saa tukiitazama sindano ya geji. Haikusogea. Hapo ndipo alipotia gesi, akiipima kwa mizani. Alisema, "Gesi ni chumvi ya mchuzi. Ikipungua haifai, ikizidi haifai." Ikizidi, majimaji hujaa katika kondensa na nafasi ya kutolea joto ikapungua. Na gari lililogeuzwa kutoka R12 hutiwa R134a kidogo kuliko uzito wa gesi ya zamani, aghalabu kiasi cha sehemu nane katika kumi.

Kazi yake nzima ilinigharimu shilingi 120,000. Fyuzi, vali na mzee huyu, jumla shilingi 182,000, haikufika fedha niliyolipa kwa kutiwa gesi mara tatu. Jumamosi iliyofuata tulipima tena skuli, hewa ya nje ikiwa digrii 32. Gari limesimama: digrii 9. Gari likienda: digrii 6.

MWISHO WA SAFARI

Mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika, nalimchukua mama tena kwenda Mnazi Mmoja. Tulipofika Kilimani magari yalikuwa yamesimama. Naliutazama uso wake katika kioo. Alikuwa ameuvuta mtandio mabegani. Akasema, "Mwanangu, punguza kidogo, nisije nikapata mafua." Hospitali alishuka mwenyewe, akafunga mlango. Usiku ndugu yangu alipopiga simu, mama ndiye aliyemweleza habari za vali na fyuzi, ingawa alizieleza kwa namna yake. Habari za kuliuza gari hazikutajwa tena.

Sisemi kwamba gari limekuwa jipya. Kompresa ni ya siku nyingi. Na wenye gari kama hili wakipata fedha, dawa kubwa ni kutia kondensa ya namna mpya, yenye vijibomba bapa vingi vinavyokwenda sambamba, ambayo hutoa joto vizuri zaidi katika nafasi ile ile. Mimi nangojea.

NASAHA KWA WENYE MAGARI MAKUUKUU

Kwanza, liegeshe gari kivulini. Likiwa limekaa juani, fungua milango yote kwa dakika moja, uende mwendo mfupi na madirisha wazi, ndipo ufunge na uwashe kiyoyozi. Usimlipe fundi akupozee joto ambalo upepo utalitoa bure.

Pili, ikiwa baridi ni nzuri mwendoni na dhaifu gari linaposimama, tazama kondensa na feni kabla ya kutaja gesi.

Tatu, wakati wa kaskazi osha kondensa kila mwezi, hasa nyinyi mkaao karibu na bahari.

Nne, fundi akisema gesi imekwisha, mwulize kwa adabu imetokea wapi. Asiyeweza kukuonyesha tundu hajamaliza kazi.

Tano, wako watu wanaotia gesi ya jikoni katika viyoyozi vya magari. Msikubali. Gesi hiyo huwaka moto, na bomba likipasuka mbele ya injini au nyuma ya dashibodi, itakuwa hatari kwa wote waliomo.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu aliniuliza swali la maneno machache, nalo likamtunza mama yangu na kuliokoa gari la baba yangu. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Nami nimejifunza kwamba mwalimu naye afaa aulizwe.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kwa nini maji ya mtungini huwa ya baridi zaidi siku yenye upepo mkavu kuliko siku ya mvua?

2. Gari limesimama, hewa itokayo ni digrii 20. Likienda ni digrii 12. Utatazama nini kwanza, na kwa sababu gani?

3. Ukiuacha wazi mlango wa friji jikoni, milango na madirisha ya chumba yakiwa yamefungwa, chumba kitapoa au kitapata joto zaidi? Eleza kwa kufuata safari ya joto.

4. Pima joto la ndani ya gari la nyumbani lililoegeshwa juani na lile lililoegeshwa kivulini, kwa saa moja, uandike kila baada ya dakika kumi. Chora mchoro, uulete darasani.